Nyuso Kwenye Mifuko ya Saruji

Mwambie mtoto wa darasa la tatu achore mtu, naye hata kichwa hainui. Duara, nukta mbili, mstari wa mdomo, mikono ya vijiti, kazi imekwisha. Mwambie achore nyumba: atakupa paa la pembetatu, mlango katikati na jua kwenye kona ya karatasi, hata kama yeye mwenyewe analala kwenye nyumba ambayo mlango wake uko ubavuni na paa lake ni la nyasi. Mtoto huyo hachori anachokiona. Anachora kilichokwisha kuzoeleka mkononi, alichokinakili kwa kaka yake, ambaye naye alikinakili kwenye daftari la mwenzake. Kwa imani yangu, kazi ya mwalimu wa sanaa inaanzia hapo hapo, kumfanya mtoto atazame kabla ya kuchora. Na kitu cha kutazama kilicho karibu kuliko vyote ni uso wake mwenyewe.

Nililifanyia kazi hilo Kasokola, kata ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, mwaka 2024, mtaala mpya wa elimu ya msingi ulipoanza kutumika na darasa la tatu likapata somo la Sanaa na Michezo. Kasokola ni ya wakulima. Mahindi kwanza, halafu karanga, halafu vingine. Katika chumba kimoja walikaa watoto wa Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na Wafipa, watoto wa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, na wajukuu wa Warundi waliokimbilia Katumba baada ya mauaji ya 1972 na ambao leo ni Watanzania. Nyuso hazikufanana hata kidogo. Kwenye daftari zote zilikuwa duara na nukta mbili.

Nilikuwa na kitabu kimoja cha picha, zawadi ya dada yangu anayeishi Dar es Salaam. Kilikuwa cha Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko aliyezaliwa Coyoacán mwaka 1907. Utotoni aliugua polio, mguu mmoja ukabaki mwembamba. Mwaka 1925, akiwa na miaka 18, basi alilopanda liligongana na tramu. Akavunjika uti wa mgongo, nyonga na mguu, akalazwa kitandani miezi mingi. Mama yake akamtengenezea ubao wa kuchorea akiwa amelala, na juu ya kitanda kikafungwa kioo. Kwa hiyo kila alipofumbua macho alijiona. Akaanza kuchora alichokiona, na hadi anafariki mwaka 1954 alikuwa ameacha picha zaidi ya 50 za uso wake mwenyewe.

Nilimchagua yeye kwa sababu hiyo ya kioo, wala si kwa umaarufu wake. Tunaye Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, ambaye kuanzia 1968 alichora kwa rangi za kung'arisha baiskeli na kuwarithisha wenzake aina ya uchoraji inayojulikana dunia nzima. Naipenda kazi yake. Lakini nilitaka watoto wakae na nyuso zao muda mrefu, bila haraka, na sijaona mtu aliyeufanya uso kuwa shamba la kulima maisha yote kama alivyofanya mwanamke huyu.

Siku nilipowaonyesha picha yake ya 1940, ile ya mkufu wa miiba, darasa lilijaa kelele. Frida anatutazama moja kwa moja. Shingoni amezungushiwa miiba, damu inatona, na kwenye miiba ananing'inia ndege mdogo mweusi aliyekufa. Kwenye bega moja yuko ngedere mweusi anayeichezea ile miiba, kwenye bega jingine paka mweusi. Nyuma yao majani makubwa ya kijani.

Nilitarajia waulize juu ya damu. Hawakuiuliza. Mvulana mmoja alisimama, akanyoosha kidole kwa ngedere: "Mwalimu, huyo mama kwao hawalimi?"

Darasa zima likamuunga mkono. Kasokola, mahindi yanapoanza kukomaa, watoto hupelekwa shambani kulinda. Ngedere na nyani wanajua siku ya kuvuna kabla ya mwenye shamba. Hakuna mtoto pale ambaye hajawahi kurusha jiwe na kupiga debe hadi sauti ikamkauka. Mtu anayemweka ngedere begani, na begani penyewe pakiwa pameoshwa na kuvikwa nguo nzuri, aliwashangaza kuliko miiba yote. Niliwaeleza kwamba Frida alifuga ngedere nyumbani, akawachora mara nyingi kwa sababu walikuwa wenzake wa kila siku. Kisha nikawauliza: "Wewe begani kwako angekaa nani?"

Swali hilo lilinipa vipindi vingi vya kazi. Mmoja alimweka mbuzi. Mwingine njiwa. Yule aliyeuliza juu ya kilimo alimweka mbwa wao, anayefuatana naye shambani. Msichana mmoja mkimya alichora kichwa kidogo kinachochungulia nyuma ya shingo yake. Nikadhani ni mwanasesere. "Ni mdogo wangu," akasema. "Nikitoka shule ninambeba mimi mpaka mama arudi." Hakuna swali la kitabuni ambalo lingenifikisha nyumbani kwao upesi namna ile.

Lakini kabla ya mabega kulikuwa na uso, na kabla ya uso kulikuwa na vioo. Vipande vya kioo kilichovunjika sikuviruhusu. Kinyozi mmoja aliniazima kioo chake cha mkono, akina mama wakatoa vioo vidogo vya mkobani, na fundi pikipiki akanipa vioo vya pembeni vilivyovunjika shingo. Ambaye hakupata kioo alipewa beseni la maji lililowekwa kivulini. Vioo vya pikipiki vimebinuka kidogo, na anayejitazama humo huona pua kubwa na masikio yaliyokimbilia nyuma. Watoto walicheka, wakavibadilishana na vile bapa, wakaanza kubishana ni kipi kinachosema kweli. Ubishi ule ulikuwa na faida kuliko maelezo yangu. Mtoto aliyelinganisha vioo viwili alikuwa tayari ameanza kupima.

Tukapima. Weka kidole utosini, kidole kingine chini ya kidevu, kisha utafute katikati pako wapi. Kwa mtu mzima katikati ni machoni. Kwa watoto ni juu kidogo ya macho, maana paji la uso wa mtoto ni pana. Karibu watoto wote walikuwa wakiyachora macho juu kabisa, yanapoanzia nywele. Walipogundua kwamba nusu nzima ya kichwa iko juu ya macho hawakuamini, wakapimana wao kwa wao, wakanipima na mimi. Kisha upana: kati ya jicho na jicho panatosha jicho jingine. Masikio yanaanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa pua. Mambo haya yanajulikana kwa kila mchoraji, lakini mtoto akiyapata kwa vidole vyake mwenyewe hayasahau.

Darasani palikuwa na pacha. Yule mdogo alikataa kioo. "Mimi namtazama kaka," alisema, na akachora vizuri sana. Baadaye, nilipomwomba aangalie kioo walau kidogo, alikaa kimya, halafu akagusa kovu dogo chini ya nyusi yake ya kushoto, ambalo kaka yake hana.

Makovu, mapengo, masikio makubwa: hapo ndipo nyusi za Frida zilipotusaidia. Nyusi zake zinakutana juu ya pua, na juu ya mdomo ana vinywele, naye hakuficha chochote. Watoto walizicheka nyusi zile siku ya kwanza. Lakini wa umri ule, miaka minane, tisa, wengi wana mapengo, na mwenye pengo huitwa kibogoyo mpaka jino liote. Ndiyo maana michoro ya mwanzo yote ilikuwa na midomo iliyofungwa. Sikumlazimisha yeyote kufungua mdomo. Niliuliza tu kama yule mama wa Meksiko angeweza kuzitenganisha nyusi zake kwenye picha. Wakajibu kwamba angeweza, kwa kuwa penseli ilikuwa mkononi mwake. Mbona hakufanya? Walifikiri. Msichana mmoja akasema, "Basi isingekuwa yeye, ingekuwa dada yake." Kipindi kilichofuata mapengo yalianza kuonekana, na wenye meno kamili wakawa wanahesabu ya wenzao ili wayachore sawasawa.

Sasa nije kwenye rangi, jambo lililonigusa kuliko yote. Nilikuwa nimenunua mjini pakiti chache za kalamu za rangi. Mtoto mmoja akamwomba mwenzake: "Nipe ile rangi ya ngozi." Akapewa kalamu ya waridi iliyopauka. Hakuna aliyeshtuka. Wakapaka mashavu yao waridi, mikono ya kahawia iliyokoza ikizunguka juu ya nyuso za waridi, kila mtu ameridhika. Nikaichukua kalamu ile nikaiweka juu ya mkono wangu, nikawaomba nao waweke juu ya mikono yao. Sikusema neno. Walitazama muda mrefu. Kisha mmoja akauliza: "Mwalimu, mimi nina rangi gani?"

Kalamu zangu zote hazikuwa na jibu, kwa hiyo tukatoka nje. Ardhi ya huku ni ya miombo, na ukiangalia vizuri ina rangi nyingi kuliko duka la vifaa vya shule. Kichuguu kina udongo mwekundu. Njia ya kisimani ni ya kahawia. Mbugani kuna mfinyanzi wa kijivu unaokaribia weusi. Tuliutwanga udongo, tukauchekecha kwa kipande cha chandarua kuukuu, tukauchanganya na uji mwembamba wa muhogo ili ushike kwenye karatasi. Makaa yalitoa weusi, chokaa weupe, binzari umanjano. Bluu tuliipata kwenye ile ya kufulia mashati meupe, na hapo nikapata nafasi ya kuwaambia kwamba nyumba ya akina Frida kule Coyoacán, ambayo tangu 1958 ni makumbusho, kuta zake zimepakwa bluu na inaitwa Nyumba ya Bluu. Brashi zilikuwa vijiti vya mswaki vilivyotafunwa ncha, na unyoya wa kuku kwa mistari myembamba. Karatasi zilikuwa za mifuko ya saruji, zile za ndani, ambazo nilizikung'uta mwenyewe mbali na watoto kwa sababu vumbi la saruji linaumiza macho na ngozi. Ukikosa hela, mwalimu, karatasi hiyo ni ngumu, haivuji upesi, na rangi yake ya kaki inaupokea udongo vizuri kuliko karatasi nyeupe.

Kila mtoto alitafuta rangi yake kwa kupaka tone kwenye mkono na kusubiri likauke. Walirudi kichuguuni tena na tena. Mtoto wa Kisukuma na mtoto wa Kifipa, waliodhani wana rangi moja, waligundua mmoja anahitaji chokaa kidogo na mwingine binzari. Mmoja alikuja mbio na kisahani: "Nimejipata!"

Kule Meksiko nao waliwahi kusumbuka na jambo hili. Baada ya mapinduzi yaliyoanza 1910, serikali iliunda wizara ya elimu mwaka 1921 chini ya José Vasconcelos, na miaka michache baadaye Diego Rivera, aliyekuja kuwa mume wa Frida, alikuwa akichora kuta za jengo la wizara hiyo: wakulima, wachimba madini, mahindi, masoko, ngozi za kahawia zikiwa kubwa kuliko mtu. Watu waliozoea kuona watakatifu wa Kihispania ukutani walijiona wenyewe. Huku Afrika Mashariki, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesoma Makerere, alifanya kitu kama hicho mwishoni mwa miaka ya 1950 katika kanisa la Murang'a nchini Kenya. Alichora maisha ya Yesu ukutani, Yesu akiwa Mwafrika, nyuma yake mashamba na vilima vya pale pale. Njau huyo huyo, katika kituo chake cha Paa ya Paa jijini Nairobi, amepiga vita kunakili maisha yake yote. Nawataja pamoja kwa sababu mtoto aliyeniuliza rangi yake Kasokola yuko katika safari hiyo hiyo.

Halafu ipo picha ya 1939, Frida wawili wamekaa benchi moja wakishikana mkono. Mmoja amevaa gauni jeupe la Kizungu, mwingine vazi la wanawake wa Tehuantepec. Mioyo yao iko wazi na mshipa mmoja unaiunganisha. Baba yake alikuwa mpiga picha aliyehamia kutoka Ujerumani, mama yake mwenye asili ya wenyeji wa Meksiko na ya Kihispania. Niliwaambia watoto wachore wawili wao, yule wa shuleni na yule wa nyumbani. Sare upande mmoja, upande mwingine kanga, kaptura iliyochanika, fimbo ya kuchungia. Wapo waliochora wa nyumbani mkubwa na wa shuleni mdogo, na wapo waliofanya kinyume. Mtoto mmoja ambaye kwao wanazungumza Kirundi alichora mdomo wa nyumbani ukiwa wazi, wa shuleni umefungwa. Baada ya kuiona picha ile nilibadili namna ninavyomuuliza maswali darasani.

Si kila kitu cha Meksiko nilikileta. Sikukuu yao ya Wafu, tarehe 1 na 2 Novemba, ina mafuvu ya sukari na nyuso za watoto zilizopakwa kama mafuvu, na kwao ni furaha ya kuwakaribisha marehemu nyumbani. Kwetu, mtoto akirudi kutoka shule amechorwa fuvu usoni, bibi yake hatalala. Msiba wetu una adabu zake. Niliwasimulia, wakasikiliza kwa makini, tukaishia hapo, na ninaamini ndivyo ilivyopaswa.

Mahindi, lakini, yalikuja yenyewe. Niliwaambia kwamba zao hili lilianzia Meksiko, watu wa kule walilitoa kwenye nyasi ya porini miaka kama 9,000 iliyopita, na kwamba Wamaya, ambao nchi yao iko pande zote za mpaka wa Meksiko na Guatemala, husimulia kuwa binadamu wa kwanza waliumbwa kwa unga wa mahindi. Watoto wanaokula ugali kila siku ya Mungu hawakuona ajabu yoyote katika simulizi hiyo. "Hata sisi," akasema mmoja. Wakaleta ndevu za mahindi kuwa nywele na maganda makavu kuwa kanga na kola za mashati, wakayabandika kwa uji ule ule wa muhogo.

Siku moja baba mmoja alinisubiri nje ya darasa. Tulisalimiana, akaniuliza habari za kazi, kisha akasema kwa upole: "Mwalimu, sina ugomvi nawe. Ila sisi nyumbani hatuchori chenye roho." Nilimshukuru kwa kunifuata mwenyewe. Na hapo Meksiko ikanisaidia kwa njia ambayo sikuitegemea. Katika miaka ile ya Vasconcelos alikuwepo mchoraji Adolfo Best Maugard, ambaye aliangalia vyungu vya kale vya nchi yake, akasema mapambo yake yote yametokana na maumbo saba: mzunguko wa konokono, duara, nusu duara, herufi S, wimbi, msumeno na mstari ulionyooka. Akatengeneza njia ya kufundishia kuchora, ikachapishwa 1923 na kutumika shuleni. Nilimwambia yule baba kwamba mtoto wake ataichora nafsi yake bila uso. Akakubali.

Mtoto yule alijichora kwa maumbo saba. Msumeno aliutoa kwenye ungo wa mama yake, mawimbi kwenye hadithi za mjomba anayevua Ziwa Tanganyika huko Karema, duara lilikuwa mdomo wa mtungi, na katikati akaandika jina lake. Wenzake walipoiona hawakuuliza uso uko wapi. Waliitambua mara moja kuwa ni yeye, kisha wakataka mapambo ya kuzungushia nyuso zao, kila mmoja akatafuta maumbo yake nyumbani kwao. Iliishia kuwa kazi bora kuliko zote, na sisi wengine ndio tuliojifunza kwa yule aliyekatazwa.

Mwaka 1943 Frida aliajiriwa kufundisha katika shule ya sanaa ya La Esmeralda, Mexico City. Afya ilipomzuia kusafiri akawaita wanafunzi nyumbani kwake, na badala ya kuwakalisha mbele ya picha zake akawatuma mitaani na sokoni. Mwaka huo huo wakapamba kuta za baa moja ya jirani iliyoitwa La Rosita. Hakutaka wachore kama yeye. Mwalimu anayeleta kazi ya watu wa mbali darasani afuate njia hiyo. Kitabu nilikionyesha mwanzo, kisha nikakifunga na kukirudisha kwenye begi. Kama kingebaki wazi mezani, ningepata akina Frida wengi wenye sare za Tanzania na nisingepata mtoto hata mmoja wa Kasokola.

Najua ugumu uliopo. Darasa la nne kuna upimaji wa kitaifa, darasa la juu kuna mtihani, na kipindi cha sanaa ndicho cha kwanza kugeuzwa cha hesabu. Walimu wenzangu wa Katavi na kwingineko, kipindi hicho kipo kwenye ratiba kwa haki, nawaomba msikitoe. Azimeni kioo kwa kinyozi, kusanyeni mifuko ya saruji, uji wa muhogo haukosekani. Nanyi wazazi, mtoto akirudi na uso wake kwenye karatasi ya kaki, msiutumie kuwashia moto. Muulizeni aliona nini kwenye kioo, nyuma yake andikeni jina na tarehe, mkaubandike mahali atakapouona akiwa mkubwa.